Mguu Uliokuwa Chini ya Wangu

Kanazi, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Novati,

Mambo ya sabuni, soksi na chandarua mama yako amekwisha kukueleza, na namjua, atayarudia alfajiri ukiwa mlangoni na begi mkononi. Mimi simwingilii. Ya kukaa kwa mjomba wako Mwanza nayo tumeyamaliza. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshachana karatasi kadhaa kwa sababu kila nikianza kuliandika najikuta najisifu.

Kwanza hili: kesho sitakusindikiza mpaka Lusahunga. Najua ulitaka tusimame wote wawili pale njia panda, tule mahindi ya kuchoma, na madereva wa malori wanaonifahamu wapige honi waseme, "Bwana Hatua kamleta mwanawe!" Najua umeshawatambia wenzako. Utakwenda na baba yako mdogo, naye ndiye atakayekaa nawe hadi basi la Mwanza lijiunge na msafara unaosindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi wa porini. Nitampa barua hii akukabidhi mkishapanda gari, si kabla. Utakasirika. Kasirika, una haki. Ila soma mpaka mwisho kwanza, maana nitakupa sababu ya kunikasirikia iliyo kubwa kuliko hiyo.

Jina hilo la Bwana Hatua unajua nililipataje. Hadithi yake unaijua vizuri kuliko maswali ya Kipaimara. Ulikuwa mdogo, umekaa mabegani mwa baba yako mdogo, Jumapili ile nilipomwangusha Evaristi wa kambini mbele ya kijiji kizima. Umeisimulia shuleni, umeisimulia kwa wasichana. Siku moja nilikusikia ukiisimulia huku unaonyesha kwa miguu, mimi niko nyuma ya jiko, na sikutoka kukukatiza. Sasa nakusimulia mimi. Ni hadithi ileile, ila miguu haikukaa pale ulipoambiwa.

Evaristi alikuja kwetu akitafuta kibarua. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wameshajaa kule bondeni, maturubai mpaka juu ya kilima ambacho zamani kilikuwa msitu, na huku vijijini hapakupita wiki bila ugomvi wa kuni au wa mikungu iliyokatwa usiku. Babu yako hakutaka mkimbizi aguse jembe lake. Mimi nilimkubali kwa sababu ya salamu tu. "Amahoro," alisema, na nikamwitikia kama namwitikia mtu wa hapahapa, maana Kirundi na Kihangaza chetu ni watoto wa mama mmoja. Nikampa jembe langu mwenyewe.

Alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Alipokimbia kwao alikuwa amembeba mama yake mgongoni, naye yuko peku, na penye matete ya mtoni akakanyaga kisiki cha tete kilichokatwa mshazari. Kilipenya karibu na kidole gumba, kikavunjikia humo. Kipande cha mwisho nilikitoa mimi, Novati. Alikaa kwenye kigoda pale uani petu, mguu wake juu ya goti langu, na beseni la maji ya moto yenye chumvi pembeni. Mama yako alinicheka, akaniambia namwosha mkimbizi miguu utadhani padre wa Alhamisi Kuu. Nilimwosha siku nyingi. Nikajua mahali hasa panapouma, mfupa ule ulio nyuma ya kidole gumba. Ukipagusa kidogo tu, machozi yalimtoka hata kama alikuwa anacheka.

Mguu wake ulipopona kiasi cha kumwezesha kulima, ndipo nilipogundua kwamba kwao alikuwa bondia. Vijana wa hapa tulikuwa tukipigana ngumi Jumapili baada ya Misa, na mimi nilikuwa na sifa ya nguvu. Evaristi alikuja kunitazama mara moja. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Gervas, ndugu yangu, wewe unalima," akasema. "Yule mtu umemfanya tuta."

Nilichukia, lakini alisema kweli. Sisi watu wa jembe tuna ugonjwa huo. Tunasimama miguu sambamba, imetanuka, visigino vimezama ardhini, kwa kuwa ndivyo mwili ulivyozoea tangu utotoni. Ukimsukuma mtu wa namna hiyo kifuani anakwenda chali. Na akipiga, anapiga kwa mgongo kama anayeinua jembe, ngumi unaiona inakuja tangu ikiwa mbali kule Rulenge.

Akafagia ua, akachota majivu jikoni kwa mama yako, akayatandaza mpaka ua ukawa mweupe. Akaniambia nipigane na hewa. Nikishapiga, ananisimamisha, anainama, anasoma nyayo zangu kama mchungaji anayemtafuta ng'ombe aliyepotea. "Hapa ulipiga mguu ukiwa hewani. Hapa umevusha miguu, mtu angekupuliza tu ukaanguka. Hapa kisigino cha nyuma hakikugeuka. Mkono umekwenda vitani, kiuno kimebaki kwa mkeo." Kisha anasawazisha majivu kwa tawi, tunaanza upya. "Buhoro, buhoro," ndilo neno lake, taratibu, taratibu. Mguu wa mbele utangulie, wa nyuma ufuate, nafasi kati yao isibadilike. Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo, na ngumi ianzie humo. Yote unayoyajua, unayodhani ni yangu, yalitoka kwenye majivu yale.

Naye alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mguu wake wa kulia ndio uliokuwa mbele, uleule. Wewe unajua, mtu wa kulia akikutana na wa kushoto, miguu yao ya mbele inatazamana kama mbuzi wanaotaka kupigana. Dawa yake alinifundisha mwenyewe: upeleke mguu wako nje ya wake, hapo mkono wako wa kulia unapata njia iliyonyooka. Alinionyesha kwa kuniwekea mguu wake pale, wazi, katikati ya majivu.

"Nje," alisema. "Nje kabisa. Ukinikanyaga hapa umenimaliza, maana siwezi kuondoka."

Tukacheka wote. Alikuwa ananiamini, Novati.

Pambano lile liliandaliwa na mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa kambi. Kijana mmoja wa kambini alikuwa amepigwa vibaya akiokota kuni, na watu wakawa wanatembea na mapanga hata wasipokwenda shamba. Wakaona vijana wacheze pamoja, hasira zipungue. Kijiji kikanichagua mimi, kambi ikamchagua yeye. Jioni kabla ya siku ile alinishika mkono akaniambia tucheze vizuri, watu wafurahi, kila mtu arudi kwake. Nikamwambia ndiyo.

Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja unateleza. Wanawake wa kambini wakaleta majivu kwa ndoo, wakayatandaza ulingoni. Nilipoyaona nilifurahi. Nilijiona niko nyumbani.

Alinicheza. Hilo wewe hulikumbuki kwa sababu hakuna aliyewahi kulisimulia. Ananigusa, hayupo. Nageuka, yuko upande mwingine. Hakuwa ananiumiza hata kidogo, nadhani alikuwa ananitunza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Watu wa kwetu wakaanza kunicheka. Babu yako akapaza sauti: "Gervas! Unapigwa na mtu unayemlisha?" Kisha nikasikia sauti yako kule juu ya vichwa vya watu, unaita baba, baba. Usije ukabeba hilo. Ulikuwa mtoto anayemwita baba yake, basi.

Raundi ya mwisho nilijua nimeshindwa. Nikautazama mguu ule. Ningependa kukuandikia kwamba nilikosea, kwamba kulikuwa na utelezi, na karatasi nilizochana ziliandikwa hivyo. Sikukosea. Niliupeleka mguu wangu wa kushoto mbele, na badala ya kuupitisha nje nikaushusha juu ya mfupa uleule niliouosha, nikauelemea kwa uzito wangu wote. Alitaka kurudi nyuma. Mwili ulirudi, mguu ukabaki. Nilisikia goti lake likilia. Hapo nikazungusha kisigino cha nyuma sawasawa kama alivyonifundisha, na ngumi ya kulia ikamkuta. Ilikuwa ngumi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Refa, mwalimu wa shule, alikuwa upande wa pili na hakuona. Upande wa kambi waliona. "Kamkanyaga! Huyo kamkanyaga!" Nikaona watu wanainama kuokota mawe, na wa kwetu nao wanainama. Refa akaja mbio kutazama chini. Majivu yalikuwa pale, na ndani yake unyayo wangu ulikuwa umekaa juu ya unyayo wake. Hata wewe juu ya mabega ungeweza kuusoma.

Evaristi alikuwa amekaa chini, ameshika goti. Aliutazama unyayo ule, akanitazama mimi. Halafu akanyoosha mkono akayapangusa majivu, bila haraka, akasema kwa nguvu ili wasikie wote:

"Nimeteleza! Hakuna kitu. Nimeteleza mwenyewe."

Mawe yakadondoka moja moja. Refa akaushika mkono wangu, nami nikauacha uinuliwe. Nikatabasamu, Novati. Ukashushwa mabegani, ukaja mbio, ukaukumbatia mguu wangu wa kushoto.

Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba alisema vile kwa sababu hata yeye hakuwa na hakika. Lakini yule mtu alikuwa anasoma nyayo kama wewe unavyosoma gazeti. Alijua. Aliona mawe, aliona mapanga, aliona na watoto waliokaa mbele, wa kwao na wa kwetu, akameza. Mimi niliyekuwa mzima, mwenye shamba na mwenye kijiji nyuma yangu, sikuweza hata kufungua mdomo.

Goti lile halikupona. Mtu aliyekuwa akiishi kwa mgao wa mahindi na kwa kibarua akabaki na mgao peke yake. Watoto wake ndio wale uliokuwa ukiwaona wakiokota maharage yaliyodondoka mashambani baada ya mavuno. Uliwahi kuniuliza kwa nini siwafukuzi kama jirani zetu wanavyowafukuza. Nikakujibu kwamba mtu awe na huruma, na ukanisifu kwa mama yako.

Sikwenda kumwona. Nilijiambia nitakwenda Jumapili ijayo, Jumapili nayo ikawa na watoto na wajukuu. Nikaacha kupita njia ya kambini, nikawa nazunguka kwa juu. Siku moja akaja mwenyewe, na fimbo. Nilimwona tangu yuko barabarani. Nikaingia migombani nikachuchumaa, mwanamume mzima, na siafu wananipanda. Nilimsikia anaongea na mama yako.

"Amahoro, mama Novati. Mwenyewe yupo?"

"Ametoka kidogo. Karibu ukae, baba."

"Hapana, sikai. Nilikuja kumsalimu tu. Umwambie nilikuja kumsalimu."

Mama yako akamfungia maharage, naye Evaristi akaondoka. Nilipotoka nilizikuta nyayo zake uani: mmoja mzima, wa pili mstari tu, umeburuzwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma nyayo. Nikachukua ufagio.

Kama ingeishia hapo ningekufa nayo, sikufichi. Waoga wengi huzikwa vizuri tu. Lakini ukakua, ukataka ngumi, nikakufundisha katika ua uleule. Majivu sikuyamwaga, sikutaka kuyaona. Nikakufundisha kwa maneno. Na tulipofika kwenye mguu wa mbele nilikwambia, "Usogeze mpaka ukisikie kiatu chake." Evaristi hakunifundisha hivyo hata siku moja. Nilikuwa natafuta namna ya kuifanya ionekane ufundi, jambo la kila bondia, ili nisiwe peke yangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe ni mwanafunzi mwepesi.

Mwezi uliopita pale Lusahunga ulipigana na yule kijana wa Kisukuma anayepakua malori, naye wa mkono wa kushoto. Nilikuwa kwenye kona yako. Niliuona mguu wako unashuka. Niliona kijana wa watu anataka kurudi na hawezi. Alipoanguka hukumtazama yeye wala hukumtazama refa. Ulinigeukia mimi, macho yanang'aa. Na mimi nikapiga makofi.

Njiani uliniambia, "Baba, umeona? Nimefanya ile yako."

Nikasema nimeona.

Ile yangu! Tangu siku hiyo chakula hakina ladha, na mama yako anadhani ni huzuni ya wewe kuondoka. Naona aibu, Novati. Naona aibu ya Evaristi, na aibu ya yule kijana ambaye hata jina lake sikuliuliza, na kubwa zaidi naona aibu ya macho yako yale. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, imefika mpaka kwenye miguu ya mwanangu.

Sasa sikwambii ufanye nini. Nani angenisikiliza? Nakwambia tu kinachokuja baadaye, kwa kuwa nimekaa nacho. Ukishinda namna ile, huwezi tena kucheka na mtu uliyemwangusha. Watu wakikusifu unatazama pembeni kuona kama kuna anayejua. Nilipata jina nikapoteza rafiki, na jina halijawahi kuja kunisaidia kupalilia. Jingine ni hili, la ufundi, ulichukue au uliache: mtu anayetegemea kukanyaga hajifunzi kupita nje. Mimi sikupigana vizuri tena baada ya siku ile, ndiyo maana niliacha mapema. Haikuwa mgongo, kama nilivyowaambieni.

Huko Mwanza wataziona hatua zako, na ni nzuri. Mwalimu wako akikuuliza nani kakufundisha, usitaje jina langu. Sema Evaristi, mtu wa Burundi, aliyefundishia kwenye majivu. Nakuomba hilo kama mtu anayeomba, si kama baba anayeagiza.

Na basi litakaa Lusahunga muda mrefu likisubiri msafara. Yule kijana yuko pale kila siku, kwenye malori. Nakwambia yuko, basi.

Naogopa, sijui kama unajua. Naogopa kwamba utaikunja barua hii na kuanzia leo utaniona mdogo. Mara nyingi nimekaa nawe pale nje nikaanza kusema, nikaishia kuongelea mvua. Sina uso wa kukwambia ukinitazama, ndiyo maana ninaandika, na hilo nalo ni woga, naliona.

Jana mama yako alirudi sokoni na habari. Malori ya kuwarudisha watu Burundi yanaondoka kesho asubuhi, na mke wa Evaristi ameshauza kuku wake wote. Ndiyo sababu yangu. Nikikusindikiza kesho nitakuwa nimejificha tena migombani, na safari hii mgomba wenyewe utakuwa wewe. Mama yako nitamweleza alfajiri, kabla sijatoka, na babu yako atasikia kwa watu.

Nitakwenda kambini. Nitasema mbele za watu, kama ulimi utatii. Huenda asitake kunisikiliza. Huenda akasema tena kwamba aliteleza, maana ndivyo alivyo, na sijui nitamjibu nini.

Lakini malori yale nimeyaona yakipita. Hayana ngazi. Mtu anakanyaga gurudumu, anashika ubao, anajivuta juu. Evaristi hawezi kujivuta na goti lile. Itabidi mtu ainame, aupokee mguu wake viganjani, ampandishe. Nataka nifike kabla hajaitwa mtu mwingine.

Nenda salama, mwanangu. Pita nje.

Ni mimi baba yako,
Gervas